Waheshimiwa Watatu kwenye Ramani

Kitu cha kwanza alichokiona Solongo ni kwamba kwenye picha mlima ulikuwa shimo.

Picha ilipigwa na setilaiti, na ilikuwa kwenye kompyuta ya Dashnyam, mtaalamu wa miamba kutoka mjini. Mlima aliouona kila asubuhi akienda kukamua mbuzi ulikuwa umedidimia kama bakuli, na ubavuni mwake kulikuwa na mchirizi mwekundu.

"Kivuli kinakudanganya," Dashnyam alisema, akaigeuza picha juu chini. Mlima ukainuka. "Umeona? Huo mchirizi ndio ninaoufuata. Ni miamba iliyopikwa na maji moto zamani. Sasa nipe jina la mlima niliandike."

"Mheshimiwa," Solongo alijibu kwa sauti ndogo.

"Na ule wa kushoto?"

"Mheshimiwa."

"Na ule wa nyuma?"

Solongo aliinamisha uso. Kaka yake, Purev, akamjibia. "Huyo naye Mheshimiwa."

"Nyie watu! Mtoto akizaliwa mnamwitaje? Mtoto?"

"Yupo jirani yetu anaitwa Hana-Jina," Purev alisema. "Na ukimwita kula, anakuja mbio."

Wakacheka. Dashnyam aliujua mwiko ule vizuri: mlima hautajwi ukiwa unakutazama, kama vile yeye asivyomtaja baba yake usoni. "Lakini ramani haina adabu, dada," alisema, kisha akaandika Mheshimiwa mara tatu.

Kesho yake Dashnyam na Purev walipanda farasi wakaenda kuugusa mchirizi kwa mikono. Solongo hakutulia. Alichemsha chai, akaiacha ikapoa, akachemsha nyingine. Alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Baldan, dereva wa mtaalamu, alikuwa amelala chini ya gari lake.

"Dada, keti," alisema. "Unanitia kizunguzungu na mimi nimelala."

Jua lilikuwa limeshaanza kuteremka simu ilipolia juu ya kilima kidogo, ilikoning'inizwa kwenye nguzo kwa kuwa ndipo pekee mtandao ulipofika. Solongo alipanda mbio.

"Farasi ameteleza," Purev alisema. "Mguu wa mtaalamu umevunjika. Tupo kwenye mchirizi, upande wa machweo. Kwenu huko ni magenge ya miamba, hamtaweza kupita. Mpigie Galsan alete watu kwa upande wake kabla ya giza. Bila moto, baridi itatumaliza sote—" Simu ikakatika. Akaipiga tena na tena, haikupatikana.

Galsan, mfugaji wa ng'ambo, alipokea haraka. "Mheshimiwa yupi?"

"Wetu huyu, mwenye mchirizi mwekundu."

"Wenu, wangu! Huku hakuna mchirizi unaoonekana kwa macho. Binti, wapo watatu, na kila mmoja ana bonde lake. Nikiingia bonde silo, kesho nitaokota barafu mbili. Yupi?"

Baldan alikuwa amefika na kompyuta, akihema. Aligeuza picha juu, akaigeuza chini. "Mwambie ni hapa penye shimo. Hapana, ni kilima. Lo! Hii ni juu au chini?" Akakata tamaa. "Dada, si umtaje tu! Mimi si mtu wa huku. Ningelijua jina lake ningelitaja, mpaka la mama yake."

Solongo alilijua. Bibi yake alimnong'onezea jina hilo majira ya baridi waliyohamia mbali, ambako mlima haukuonekana. Bibi huyo huyo alimwambia habari za mchungaji aliyelitaja jina hilo mchana kweupe, naye kabla ya nyasi mpya kuchipua mbuzi wake walikuwa wamekufa kwa baridi wakiwa wamesimama. Na leo Purev alikuwa mapajani mwa Mheshimiwa mwenyewe. Akimuudhi, atakayekuwa mkononi mwake ni nani?

Aliangalia juu akitafuta wingu. Hata ukungu haukuwepo. Mheshimiwa alisimama peupe, akimwangalia. Angeingia hemani asionekane, lakini hemani simu ilikuwa kipande cha plastiki tu.

"Binti!" Galsan alipiga kelele. "Farasi wameshatandikwa! Jua linaondoka!"

"Ngoja," Solongo alisema. Alimwachia Baldan simu, akateremka mbio na kurudi na upawa wa maziwa, nusu yake yamemwagikia mkononi. Akayarusha kuelekea mlimani, sadaka ya kuomba radhi. Tangu utotoni alikuwa akisemewa na watu, na hata shule aliiacha kwa kuogopa kusimama mbele ya wenzake akajibu.

Akaichukua simu. Alitaka kuugeuzia mlima mgongo, kisha akaona huo ni utovu mkubwa zaidi. Akaukabili. Hakunong'ona.

"Zeerd Ondor," alisema. "Kaka yangu yuko kwa Zeerd Ondor."