Uzito wa Mwalimu Asiye na Duka

Saa moja na nusu asubuhi Dada Mkubwa alikuwa kwenye foleni ya mlango wa nyuma wa duka la uzamiaji, mitungi yake miwili ya hewa juu ya mkokoteni. Foleni ilikuwa ya mtu mmoja, lakini ilikuwa foleni. Kompresa ilijaza kwanza mitungi ya walimu wa duka, kisha mitungi ya akiba, kisha ikazimwa ipoe, na ndipo zamu yake ilipofika. Yeye alikuwa mwalimu wa kujitegemea. Alifundisha katika bwawa la manispaa na ufukweni, popote penye maji na pasipo na mtu wa kumfukuza.

Ndani, mdogo wake wa kiume alikuwa anakunywa chai, amevaa fulana ya duka iliyoandikwa MWALIMU mgongoni. Aliyemfundisha kuzama ni Dada Mkubwa huyohuyo, akimshika mkono kwa sababu alikuwa anaogopa majani ya baharini. Sasa alikuwa na fulana, na boti yenye ngazi na turubai la kivuli. Dada Mkubwa alimwonea wivu. Hakuupamba kwa jina lingine. Aliutazama ule mgongo na roho ikamuuma.

Siku hiyo bwawani alizama kabla hajajiandaa. Wazamiaji hufunga kiunoni vipande vya madini ya risasi ili wasielee, na yeye miaka yote alifunga vinne. Alitoa kimoja, akaendelea na somo. Wiki iliyofuata vilibaki viwili. Mwezi ulipoisha aliutundika mkanda nyuma ya mlango, akawa anazama kwa wivu mtupu, nao ulimtosha.

Mwanafunzi wake wakati huo alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo asiyeogopa kitu duniani isipokuwa maji usoni. Walianzia kwenye beseni. Baada ya wiki sita aliweza kuvua miwani chini ya maji na kuivaa tena, ilimradi amwone Dada Mkubwa amesimama mbele yake. Zilibaki safari za kina kirefu. Huko kulifikiwa kwa boti, na boti ilikuwa ya duka. Kanuni ya duka ilikuwa fupi: apandaye boti husimamiwa na mwalimu wa duka, na huyo ndiye anayetia sahihi kwenye kadi. Mwalimu wa nje hapandi. Kwa hiyo wanafunzi wote wa Dada Mkubwa, ukisoma kadi zao, walifundishwa na mdogo wake.

Jumapili walikula kwa mama yao. Kiti cha Dada Mkubwa kilivunjika, na cha pili nacho kikavunjika.

“Kakae pale kwenye ngazi ya saruji, mwanangu,” mama alisema, akampelekea sahani yake.

Akiwa pale kwenye ngazi, Dada Mkubwa alimwomba mdogo wake kitu kimoja. “Huyu fundi niachie mimi. Sahihi yake tu.”

“Dada, kanuni ni kanuni. Nikiivunja, kazi sina.”

Ngazi ilipata ufa. Mama akasema itazibwa wiki ijayo.

Siku ya fundi, boti iliondoka bila Dada Mkubwa. Yeye alibeba mtungi mmoja mgongoni na mwingine mkononi, akaingia majini kwa miguu, akateremka na mchanga hadi chini ya boti. Alitembea kawaida, kama mtu anayekwenda sokoni. Fundi alikuwa ameshafika chini na mdogo wake Dada Mkubwa, na alipoambiwa kwa ishara avue miwani alitikisa kichwa na kuonyesha juu. Ndipo akamwona mwalimu wake amesimama mchangani. Akavua miwani, akahesabu, akaivaa, akapuliza maji kwa pua kama alivyofundishwa.

Nanga ya boti nayo ilikuwa imeshaanza kuburuzika. Dada Mkubwa aliishika kamba, boti ikatulia.

Juu, fundi alisema mwalimu wake yuko chini.

“Nimemwona,” alisema yule mdogo wake. “Lakini kadi ni ya boti.” Akatia sahihi.

Jumatatu meneja wa duka alimwita Dada Mkubwa, kwenye mlango uleule wa nyuma. Alimwambia nanga zinapotea ovyo na nahodha amemsifu sana, hivyo angependa awe anaishika boti kila wanapotoka. Dada Mkubwa aliuliza kama pia atatia sahihi kadi za wanafunzi wake. Meneja akajibu, kwa upole kabisa, kwamba nanga haitii sahihi.

Alikubali, kwa sababu kule chini wanafunzi wake wangemwona. Mitungi yake iliendelea kujazwa mwisho, na yeye aliendelea kutembea mchangani, kwani mwalimu wa nje hapandi boti.

Asubuhi moja mdogo wake alimfuata ufukweni kabla hajaingia majini. Alionekana hakulala vizuri.

“Dada, usije ukaacha kunionea wivu. Ukiwa mwepesi, boti itachukuliwa na maji, na chini kutakuwa na watu.”

Dada Mkubwa alikaza kamba za mtungi begani.

“Wewe tia sahihi tu, mdogo wangu,” alisema. “Mimi sitasogea.”