Mbayuwayu wa Mke wa Jaji

La, hakuiba. Tena hata waliompekua walijua hakuiba. Huyu Ernestine kazi yake ilikuwa kupamba kofia pale Paris, dukani kwa Madamu Hureau. Alishona utepe, maua ya kitambaa na ndege waliokaushwa, maana mwaka ule mwanamke anayejiheshimu hatoki bila ndege kichwani. Na ukifukuzwa kwa wizi duka moja, mjini humo hupati tena duka la kukupokea.

Basi akaja mchoraji, bwana wa ukoo mkubwa, akaketi pembeni kuwachora mabibi wakijaribu kofia. Kila alichochora kikahama. Akichora utepe, kwenye kofia unabaki uzi mtupu. Akichora waridi, limekwenda kwenye turubai lake la kuchorea. Mabibi wakaombwa radhi, wakaletewa kofia nyingine.

Jioni Madamu akamsimamisha Ernestine mlangoni. Akapekua mifuko, soksi, mpaka nywele.

"Fungua mdomo."

"Madamu, humu mna pini tu."

"Hizohizo nizione."

Clothilde, mwenzake wa meza moja, akacheka. "Mwangalie na sikioni, Madamu, huenda kaficha bata."

Lakini kesho yake Clothilde naye akauhamisha mkasi wake mbali na Ernestine.

Siku mchoraji alipomfikia mbayuwayu wa kofia ya mke wa jaji, mwenyewe akisubiri kitini, kofia ilikuwa mikononi mwa Ernestine. Akaisikia imekuwa nyepesi. Akaenda kwenye turubai. Mbayuwayu yuko pale, anajichokoa bawa, na mshono shingoni unaonekana.

"Madamu, njoo umwone. Mshono wangu ule."

Madamu akavaa miwani, akamtazama ndege, kisha mchoraji, ambaye alikuwa anafuta brashi.

"Ndiye," akasema. "Kapendeza."

"Basi nisipekuliwe tena."

"Mwanangu, ndege kapotea, lazima mtu apekuliwe. Sasa nimpekue bwana mzima yule, mbele ya mke wa jaji?"

Ernestine akaitoa mifuko nje mwenyewe. Mchoraji akaangalia kando, kwa adabu.

Hapo supu ya dengu ikaletwa chumba cha nyuma. Wakaketi wote, na mchoraji akakaribishwa karibu na Madamu. Ernestine akaketi mwisho wa meza, na alipoketi, kila mmoja akavuta kijiko chake karibu kidogo.