Ulimi Ulioonja

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, wala sitafuti mwenza. Mimi na dada yangu tulikuwa kwenye utafiti wa dawa za presha. Wengine walipewa mitishamba, wengine dawa ya hospitali, zote zimesagwa zikatiwa kwenye kapsuli zinazofanana, asijue mtu kapata ipi. Nikapasua yangu, nikaonja. Chungu!

"Dada, miti unayoililia hii hapa," nikamtania, tukabadilishana chupa.

Presha yake, iliyokuwa imeshuka, ikapanda hadi akaanguka.

Wodini nikamfokea daktari: "Mbona mlinipa miti isiyofaa kitu?"

"Ndicho tulichokuwa tunakipima."

Nikafungua kinywa tena. Dada, mdomo umekwenda upande, akasema kwa shida: "Nyamaza, kaka. Ulimi ulioonja ni wako, uliopooza ni wangu."