Mwenyekiti Aliyejitoa

Majirani walimwita Kamusi, na yeye hakuchukia. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kukaa katika chumba chenye dirisha moja, kwenye shirika la uchapishaji, akiyaandikia maneno maana zake. Kazi ya pili hakuiomba: uenyekiti wa kamati ya jengo alimoishi, ghorofa nne, familia kumi na mbili na pampu moja ya maji iliyogoma karibu kila wiki.

Pampu ikigoma, simu yake inaita. Inaita akiwa bafuni na sabuni usoni, kana kwamba yeye maji anayo. Jumamosi moja jirani alimpigia saa kumi na moja alfajiri kumwarifu kwamba leo maji yapo. Hapo uzalendo ukamshinda. Akaandika kwenye kundi la jengo, kwa ufupi, kama alivyozoea kazini:

"Ndugu majirani, nimetafakari sana kuhusu kamati yetu. Kuanzia leo nimeamua kujitoa."

Akaiweka simu kifudifudi mezani, akaenda kuoga kwa raha zake.

Alipotoka, alikuta ujumbe ishirini na tatu. Muuguzi wa ghorofa ya pili aliandika: "Mungu akuzidishie. Watu wenye moyo huo wamebaki wachache." Fundi cherehani wa chini naye: "Mwenyekiti, nilidhani umechoka, kumbe ndiyo kwanza unajitoa! Basi na ngazi za nyuma tunakukabidhi wewe."

Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, alicheka mpaka akakaa kitandani.

"Wameelewa unajitoa kwa ajili yao, mwenzangu. Kwa hali na mali."

"Neno hilo lina maana moja!"

"Nani kasema?"

Akaiendea kamusi aliyoihariri mwenyewe. Jitoa: acha kushiriki katika jambo. Mstari mmoja, basi.

"Unaona?"

"Naona. Sasa wapelekee majirani nao waisome."

Akarudi kwenye simu. Akaandika kwamba anang'atuka. Mwalimu wa ghorofa ya nne akajibu kwa vicheko kwamba wanaong'atuka ni marais. Akaandika kwamba anakaa pembeni, fundi akauliza pembeni mwa nini, mwa tangi au mwa pampu. Mwisho akaandika kwamba ananawa mikono, na muuguzi akamshukuru kwa kuwakumbusha usafi.

Jioni wakabisha hodi, fundi na muuguzi, na funguo za ngazi za nyuma mkononi. Kamusi alikuwa amepanga hotuba nzima kichwani. Alipoziona zile funguo, hotuba ikayeyuka.

"Sitaki," akasema.

"Hutaki funguo?" fundi akauliza.

"Sitaki funguo, sitaki pampu, sitaki uenyekiti. Nimechoka, ndugu zangu."

Wageni wakatazamana. Kamusi akajiweka tayari kubembelezwa. Alishaamua kwamba atakataa mara mbili, na ya tatu ataona.

Fundi akashusha pumzi. "Afadhali umesema mwenyewe. Sisi tulikuwa hatujui tukuanzie wapi."

"Mnianzie wapi na nini?"

"Tangu mwaka jana tunataka mwenyekiti mwingine, baba," muuguzi akasema kwa upole, macho kwenye zulia. "Tuliona aibu. Leo uliposema unajitoa, tukafurahi. Tukasema, huenda sasa atafanya kazi."

Mkewe akaenda jikoni haraka, na kikohozi chake huko hakikuwa kikohozi.

Kesho yake fundi akawa mwenyekiti, bila hotuba wala ujumbe mrefu. Jumatano pampu ikatengenezwa. Kilichokuwa kimelika ni kipande cha mpira kisichozidi kifungo cha shati. Simu ya Kamusi ikanyamaza. Siku mbili za kwanza aliusifia ule ukimya mezani. Ya tatu aliikagua simu mara nne kuona kama ina chaji.

Wiki iliyofuata alisikia vyuma vinagongana huko chini. Akavaa ndala, akashuka, akamkuta fundi amelala ubavu kwenye kibanda cha pampu chenye giza, akikaza skrubu kwa kupapasa.

"Unahitaji mtu wa kushika tochi?" Kamusi akauliza.

"Shika. Chini kidogo. Hapo hapo."

Akachuchumaa, akashika. Nusu saa nzima hakuna aliyemuuliza kitu, na magoti yalipoanza kumuuma hakusema.