Kikohozi cha Ghorofa ya Tisa

Jumanne moja ya mwaka 1978, saa nne asubuhi, Anselme Coquart alichomwa kisu ndani ya lifti ya jengo letu, pembezoni mwa Paris. Mkononi alikuwa na mkate mrefu, ncha yake ameshaila njiani kama kawaida ya watu wa hapa. Alikufa kati ya ghorofa ya sita na ya saba. Watu wanne tulimruka siku ile, kila mtu na haraka zake. Alipoona hakuna anayemwokota, aliinuka mwenyewe.

Ijumaa, aliyemchoma, Firmin Delestre wa ghorofa ya nne, alijipeleka polisi. Hawakuwa na ugomvi.

"Nilitaka tu mtu anitazame," alieleza.

Afisa aliuliza jina la marehemu. Firmin hakulijua.

"Anselme Coquart," alisema marehemu, ambaye alikuwa amemsindikiza. "Naomba nizikwe."

"Maiti hajitambulishi mwenyewe, bwana. Kitambulisho kipo?"

"Kuna aliyechukua pochi yangu nilipokuwa chini. Ila aliniomba radhi."

"Basi lete jirani anayekujua. Bila jina hakuna maiti. Bila maiti hakuna kaburi, na huyu mwenzako hana kosa."

Wakarudi wote wawili kwa treni, wakabisha kwa Bi Huguette Marchal, aliyepakana ukuta na Coquart miaka kumi na mmoja. Alifungua mlango bila kutoa mnyororo.

"Bi Huguette, unanijua?"

"Nisikujue vipi? Kikohozi chako cha saa kumi na mbili ndicho kinachoniamsha. Tangu Jumatano kimya, nachelewa kazini kwa ajili yako!"

"Na jina langu?"

Alifikiri kwa bidii mpaka uso ukamwiva.

"Mh! Jina, bwana, hatukufika huko."

"Coquart. Twende ukawaambie."

"Umeniambia sasa hivi, halafu nikaape nalijua? Mimi si mwongo."

Akafunga mlango taratibu, asimuudhi.

Wanaosema jirani ni ndugu hawajapanda lifti yetu. Coquart angali anaipanda kila asubuhi na mkate wake, sasa mkavu kama kuni, akimtajia jina lake kila anayeingia. Tunamjibu, "Habari za asubuhi, bwana," tukitazama namba juu ya mlango. Firmin humbonyezea ya tisa, maana vidole vya marehemu vimekakamaa. Ndiye pekee anayemwita kwa jina, lakini ushahidi wa muuaji haupokelewi.

Bi Huguette amenunua saa ya kumwamsha.