Jiwe Juu ya Mlango wa Zizi

Fínín hakuwa na mke tena, hakuwa na mtoto wa kiume, hakuwa na farasi, wala hakuwa na jiwe refu la kuweka juu ya mlango wa zizi jipya. Alikuwa na binti mmoja tu, Sadb, aliyekuwa Boston, ambaye sasa alikuwa amepanga kurudi nyumbani moja kwa moja. Zizi lilikuwa la ng'ombe wa Sadb.

Jiwe akalitoa kwenye uwanja walikozikwa watoto wasiobatizwa. Kwetu hakuna anayeokota hata kokoto pale.

"Lirudishe, jirani," nilimwambia.

"Wao hawajengi. Wana haja nalo gani?"

Tulipolipandisha, nililipapasa mwenyewe. Kingo zake zilikuwa laini. Punde mwerebi wa kisimani ukakauka, na kwenye ukingo wa jiwe kukatokea mikato minne. Wahenga wetu waliandika kwa mikato ya namna hiyo; maandishi yao nilijifunza katika masomo ya jioni, nami nayajua barabara: kila herufi ina mti wake. Ile ilikuwa ya mwerebi.

"Ulisoma usiku, ndiyo maana mchana huoni," Fínín alinicheka. "Ni ng'ombe huyo, anajikuna."

"Ng'ombe wako anapanda ngazi?"

Ukafuata msonobari. Kisha mwaloni, mkubwa kuliko nyumba, ukapukutisha majani yote mwezi wa Juni, bila upepo. Kila mti ulipokufa, jiwe liliongezeka mikato. Hapo nikamsomea: S, A, D.

Hakucheka. Tulilishusha, tukalirudisha uwanjani, naye akaomba radhi kofia mkononi. Tuliporudi, mti wa gome jeupe uliosimama langoni pake ulikuwa umeanza kugeuka manjano.

"Na huo?" aliuliza.

"B. Mkato mmoja tu, na jina lake limetimia."

Alikaa kizingitini.

"Meli yake ni ya Agosti. Mwandikie asije."

"Nimwambie sababu?"

"Ukimwambia ukweli atakuja kunitunza. Mwambie nimeoa, na mke wangu hamtaki humu ndani. Mwambie hata mimi simtaki."

"Fínín, hatakuandikia tena."

"Andika, bwana!"

Niliandika kwa mwandiko wangu bora. Nje kulikuwa kimya, hata ng'ombe hawakulia, lakini majani ya manjano yalikuwa yamejibandika kwenye kioo cha dirisha kama viganja. Fínín hakuyatazama. Alilamba bahasha mwenyewe, akaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika, akamfuata tarishi barabarani, akampa.