Laptopu ya Hirdesh na Zahanati ya Vunikura

Mimi ndiye Apakuki Tawake, mchora ramani za nyumba, na katika mji wetu mzima wa Savusavu hakuna mstari ulionyooka kama wangu. Sijisifu, waulize mafundi. Kwa miaka kumi na moja nilichorea kwenye kompyuta moja ya mezani, dude zito lenye feni inayonguruma mpaka jirani anajua nimeingia kazini. Mwezi wa saba likaanza kuzimika lenyewe. Jumatatu moja lilinizimikia mara tatu kabla ya chai.

Nalo lilichagua wakati mbaya, maana nilikuwa nachora zahanati ya Vunikura. Nesi wa kijiji kile, Sista Taina, anazalisha kina mama kwenye chumba cha kuazima ambacho mvua ikinyesha inabidi mtu asimame na mwavuli. Kamati ya wafadhili ilikuwa na fedha za zahanati moja tu, na ramani yetu ilitakiwa iwafikie Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Ikichelewa, zahanati inakwenda kijiji kingine. Na Vunikura ndiko alikozaliwa mke wangu, Vasiti. Kwa hiyo kuchelewa kwangu kungenifuata mpaka chumbani.

Nikaenda dukani kwa Hirdesh. Akanitolea laptopu ya bei nafuu, nyembamba, ya kijivu.

"Hii itachukua nafasi ya lile jeneza lako," akasema.

"Nafasi ya lile? Hii naweza kuikalia kwa bahati mbaya nisijue."

"Chukua siku saba, kaka. Ikikushinda, irudishe, sitakuuliza."

"Mimi hazinishindi mashine, Hirdesh. Mimi ndiye ninayezipa mtihani."

Na nikaipa mtihani kwelikweli. Nilifungua ramani ileile kwenye mashine zote mbili, saa mkononi. La zamani lilichukua dakika moja na nusu, laptopu sekunde ishirini. Nikachora nayo kwa saa tatu mfululizo, kisha nikaweka kiganja chini yake: joto, lakini si la kutisha. Ina matundu mawili tu ya kuchomekea vitu, kwa hiyo nikanunua kigawanyo na kuiunganisha na skrini yangu kubwa, kibodi yangu, kipanya na printa. Jumanne mchana umeme ukakatika mtaa mzima. La zamani lingekufa na kazi yangu yote. Laptopu ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo nilicheka peke yangu.

Kasoro ilikuwa moja, skrini yake yenyewe. Ni ndogo, na ile sehemu ya kupapasia kwa kidole haifai kwa kazi ya mtu mzima. Nikaamua hivi: ikifungwa mezani kwa nyaya zake zote, ni kompyuta kamili, ikitolewa hapo, ni ya kuandikia barua. Jumatano saa nane mchana ramani ilikuwa imekamilika. Nilikuwa nimenyoosha mkono kuchukua flashi ili niweke nakala, ndipo nikasikia mtu anakohoa mlangoni.

Alikuwa Maciu, kaka yake Vasiti, kiongozi wa kijiji cha Vunikura na mtani wangu mkubwa duniani. Vasiti alipoisikia sauti yake akaondoka sebuleni kimya kimya, akaingia jikoni. Kwao ndugu wa kike na wa kiume wakishakua hawasemeshani wala hawatazamani usoni. Ni heshima, wala hakuna ugomvi.

"Shemeji!" Maciu akapaza sauti. "Bado unaishi? Nilisikia mtu mmoja mwenye kichwa kikubwa kafa mjini, nikaja na mkeka wa msiba."

"Ungekuja na mkeka wewe? Mara ya mwisho ulikuja mikono mitupu ukaondoka na shati langu."

"Lilikubana. Nilikuonea huruma." Akaketi, akaanza kula muhogo wangu. Halafu macho yake yakatua mezani. "Na hii nini? Dude liko wapi?"

Ningekuwa na akili ningesema ni ya watu. Lakini nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hupenda shahidi. Nikachomoa nyaya zote, nikaiinua kwa vidole viwili mbele ya pua yake. "Ona! Nyepesi kuliko akili zako."

Maciu akaipokea, akaipima uzito, akaiweka mapajani. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ya adabu. "Kerekere, shemeji. Kijana wangu kaniletea flashi ya mechi zote za raga. Kijiji kizima kinangoja kuziona. Kerekere hii, nitairudisha keshokutwa."

Kwetu mtu akikuomba kwa kusema kerekere, kitu kimeshatoka mkononi mwako. Kilichobaki ni kukikabidhi kwa uso mzuri. Miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kuniomba kompyuta ya mezani, maana nani atabeba jeneza? Katika mitihani yangu yote, huo sikuufikiria.

Jikoni sufuria zikaanza kugongana. Vasiti alikuwa amesikia kila neno. Hakuweza kuja kusema, kwa hiyo akasema kwa sufuria: nakala, nakala, nakala! Nilimwelewa vizuri. Lakini kumwambia mtu "ngoja kwanza nitoe kitu changu humo" baada ya kuombwa ni kuonyesha mkono mzito, na mbele ya Maciu ningeitwa bahili mpaka kaburini.

"Chukua, shemeji," nikasema. "Na chaja hii hapa." Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Alipotokomea, Vasiti akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Umempa zahanati akaangalie raga?"

"Alisema kerekere."

"Na wewe ungesema ramani! Kaka yangu si mjinga. Ana kiranga tu."

"Kesho nitaifuata."

"Kesho ndiyo Alhamisi, Apakuki!"

Nililiwasha dude: lilikuwa na nusu tu ya ramani, ile ya Jumatatu. Niliogopa kweli.

Alfajiri nikapanda gari la kwanza, na saa tatu na nusu asubuhi nilikuwa Vunikura, nikitembea haraka kuliko heshima ya kijiji inavyoruhusu. Ukumbi ulikuwa umejaa. Lakini walioizunguka laptopu walikuwa wanawake, kama ishirini, wameketi mkekani, Sista Taina katikati. Raga ilikuwa imekwisha, mtu akabonyeza asichokijua, na ramani yangu ikafunguka.

"Ndiye huyo," akasema mama mmoja mnene, Kinisimere. "Karibu, fundi. Njoo ukae. Huu mlango umeuweka wewe?"

"Upi?"

"Wa chumba cha kuzalia."

"Ndiyo. Unaelekea uwanjani. Hewa nzuri, mwanga mzuri," nikasema kwa uhakika wangu wote.

Wakatazamana. Mwanamke mwingine akafunika mdomo akacheka.

"Uwanjani ndipo wanaume wanapokaa kunywa kinywaji chao cha yaqona," Kinisimere akasema. "Kaka zetu. Nipite mbele ya kaka yangu nimeshika kiuno, nalia, nimelowa? Mtu ambaye hata nyumbani simtazami usoni?"

"Hatapita," Sista Taina akasema taratibu. "Atabaki nyumbani kwake azalie huko huko. Nitakuwa na zahanati nzuri, tupu."

Na mimi ni mtu niliyeoa kijijini hapo! Jana tu mke wangu alikimbilia jikoni mbele ya macho yangu, na mimi mlango nimeuchora nikifikiria mwanga. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Uende wapi?" nikauliza.

Wakajibu wote kwa pamoja. Uende nyuma, upande wa bustani ya ndizi, ambako kuna njia yao ya kwenda mtoni. Na benchi la kungojea la wanawake lihamie huko huko. Na dirisha la mbele lipande juu.

Sikuwa na skrini kubwa, sikuwa na kipanya, wala meza. Chaji ilikuwa asilimia ishirini na mbili, na ukumbi hauna umeme. Nikakunja miguu mkekani, nikaiweka laptopu magotini, nikachora kwa kidole kwenye ile sehemu niliyoidharau. Wanawake ishirini walining'inia mabegani kwangu wakisema "hapana, kushoto", "siyo huko, wewe!", na mmoja akanipiga kofi mkononi nilipokosea. Mashine haikukwama hata mara moja. Saa tano na dakika arobaini nikaunganisha simu yangu, mtandao ukashika, nikatuma. Kamati wakajibu kabla ya saa sita: imepokelewa.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Maciu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akapiga kelele, "Shemeji, si nilikwambia nimekuonea huruma?" Nikamwambia akachemshe chai. Moyoni nilikuwa nimeshakata shauri: Hirdesh harudishiwi kitu.

Nilikuwa nafunika laptopu ndipo Kinisimere akanigusa bega.

"Fundi, kwa kuwa leo umekaa chini. Ile nyumba uliyonichorea baada ya kimbunga."

"Ile nzuri, yenye vyumba vitatu."

"Hiyo. Jikoni umeniwekea dirisha dogo kama sahani. Moshi hautoki. Miaka sita napika nje chini ya bati, na jikoni tunaweka nyavu."

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Mjini? Kwenye meza yako? Aliyekuja mezani kwako ni mume wangu, na yeye hapiki."

Nyuma yake wanawake watatu walikuwa wameshasogea, na nilizijua nyumba zao zote, maana nilizichora mimi. Miaka kumi na moja hakuna aliyenilalamikia, nami nikadhani ni kwa sababu ya mkono wangu. Nilimwomba Maciu anichomekee chaja kwenye umeme wa jua wa kanisa, nikafungua ukurasa mtupu, nikamwambia Kinisimere aanze.